Mwanafunzi Ameniambia Siri ya Mwalimu Mwenzangu, Sasa Siku 19 Zimepita

Anti, habari ya jioni. Tafadhali usiweke jina langu wala la shule, andika tu Eastlands ya Nairobi inatosha, Eastlands ni kubwa.

Mimi ni mwalimu wa JSS, yaani Gredi ya 7 hadi 9, niko na miaka 27, na huu ni mwaka wangu wa pili kwa intanshipu ya TSC, ile tume inaajiri walimu wa serikali. Kwa wale hawajui hii intanshipu ni nini, ni kufundisha vile tu wenzako wanafundisha, mimi nimesomea Kiswahili na Dini lakini nimeongezewa Kilimo na michezo juu hakuna mtu mwingine, halafu mwisho wa mwezi inaingia kama elfu 17 baada ya makato na unangoja siku utaandikwa pamenenti. Naingoja hiyo barua vile watu wa kwetu Kitui hungoja mvua. Kuna mdogo wangu yuko kwa chuo cha ufundi na ni mimi namlipia, kwa hivyo ukiona nimeandika kama mtu muoga ujue huo uoga uko na bei.

Sasa maneno yenyewe. Kuna msichana wa Gredi ya 8, miaka 14, nitamuita Neema ingawa si jina lake. Ni mtoto wa insha nzuri sana na sauti nzuri, mamake anauza mitumba Gikomba anatoka nyumbani saa kumi na moja asubuhi anarudi usiku. Siku moja nimebaki darasani nasahihisha vitabu, akakuja akasimama tu hapo kwa mlango. Akaniuliza, "Madam, mtu akikusaidia sana halafu anakupenda na wewe humtaki, unamwambiaje?" Mimi nikacheka nikadhani ni vijana wa darasa la jirani. Akasema niape kwanza sitaambia mtu. Nikaapa, Anti. Niliapa haraka haraka vile mtu huapa juu ya mambo ya watoto, sikujua naapa nini.

Ni mwalimu. Ni huyu mwalimu wetu wa muziki, mtu mkubwa kwa shule, makombe yote yako pale ofisini ni yeye ameleta, wazazi wanampenda. Amekuwa akimbakisha baada ya mazoezi, anamshikashika, amemnunulia simu ndogo, kabambe, ya kumpigia usiku, anamwambia mamake hawezi kuelewa mambo ya sanaa, na ati akimaliza Gredi ya 9 atamtafutia shule nzuri ya bweni "halafu utakuwa wangu". Nikamuuliza kama kuna kitu kingine amemfanyia zaidi ya kumshika. Akanyamaza akaangalia viatu vyake, muda mrefu, halafu akasema "si sana". Anti hiyo "si sana" ndio hainiachi nilale.

Akaniambia mamake akijua atamrudisha ushago kwa nyanyake na shule itaishia hapo.

Nikakaa siku kama tano na hilo jambo tumboni. Halafu nikaenda kwa madam wetu wa ushauri nasaha, sikutaja jina la mtoto, nikaongea kwa mbali tu. Kumbe alijua naongea juu ya nani kabla nimalize. Akaniuliza umeona na macho yako? Nikasema hapana. Akashusha pumzi akasema wewe ni mgeni hapa, huyu jamaa hata huku alikuja na hayo maneno kutoka shule alikuwa, ngoja muhula uishe tutaongea na mwalimu mkuu ahamishwe polepole, mtoto wa watu asiaibike na yeye pia ako na familia. Na aliongea kwa upole Anti, si kwa ubaya. Nikatoka hapo nikiona kama ni mimi nina shida.

Sasa hii ndio inanimaliza. Huyo mwalimu ndiye alinipokea nilipokuja sijui mtu. Alinikopesha elfu 3 ya deposti ya nyumba, nimelipa nusu, bado 1,500. Nilipougua typhoid bibi yake alinitumia uji na thamosi. Akipita stafurumu anasema "mwalimu wetu wa Kitui" na watu wanacheka, na mimi nacheka. Jana alinisalimia nikajipata najibu vizuri kabisa kama hakuna kitu. Nikafikiria ile 1,500, nikaona hata nikiongea watasema nakimbia deni.

Halafu juzi imebandikwa karatasi ya watoto wanaenda mashindano, nje ya Nairobi, kulala usiku tatu. Jina la Neema ni la pili. Mimi si kati ya walimu wanaoenda. Nilisimama mbele ya hiyo karatasi hadi mwanafunzi akaniuliza madam unatafuta jina lako?

Na kama hiyo haitoshi, rafiki yangu wa kule tulisomea ameniambia kuna waraka wa TSC unasema mwalimu akijua kitu kama hicho aripoti ndani ya saa 24. Leo ni siku ya 19. Kumbe na mimi niko na makosa! Kwa hivyo nikienda saa hii si ni kujipeleka?

Acha nimalizie na hii moja. Nikiwa Form 2 kuna msichana wa darasa letu aliacha shule juu ya mwalimu. Sote tulijua. Tulimtungia wimbo, yeye, si mwalimu. Tukaimba. Huyo mwalimu alikuwa hapo siku yetu ya mwisho akitupigia makofi.

Anti nifanye nini? Nimvunjie mtoto ahadi? Niandike barua bila jina? Ama ningoje hiyo transfa, ahamishwe kama vile wanasema?

Madam wa Eastlands

Anti anajibu

Mwalimu wangu, pole. Barua yako niliisoma Jumapili usiku na kwa sababu ya ile karatasi ya safari sikungoja zamu ya safu, nilikujibu usiku huo huo na namba za kupiga. Haya naandika sasa naandika kwa ruhusa yako, na mambo kadhaa kwa barua nimeyabadilisha ili mtoto asijulikane. Najua kuna madam wengine wengi wanasoma hapa wakiwa na "Neema" wao.

Uliniuliza kama uvunje ahadi ama upoteze kazi. Nimeirudia barua yako mara kadhaa na naona swali limekaa hivo juu juu, lakini chini yake kuna mtu amekula uji wa nyumba ya mtu na sasa hajui atamwangaliaje. Deni la 1,500 umelitaja mara mbili. Barua ni ya mtoto kuumizwa lakini hiyo 1,500 haikutoki kichwani, na mimi sikulaumu, nakuonyesha tu. Watu wa aina hii, na nimesikiliza hadithi zao kwa miaka mingi, huwa hawajengi uhusiano na mtoto peke yake. Wanajenga na mama, wanajenga na mwalimu mkuu, wanajenga na mgeni aliyekuja juzi bila godoro. Inawezekana alikukopesha kwa roho safi, binadamu ni mambo mengi kwa wakati mmoja. Lakini jiulize kama ile kitu Neema anaita "amenisaidia sana" na ile kitu wewe unaita "alinipokea" hazifanani kidogo.

Kuhusu kuona na macho. Huyo madam wa ushauri nasaha alikuuliza swali ambalo karibu kila mtu huuliza, na linakaa kama swali la haki kabisa. Lakini haya mambo hufanyiwa mahali hakuna mtu, sasa hayo macho yatatoka wapi? Wewe hukuitwa kuwa askari wala hakimu. Unachopeleka si hukumu, ni maneno uliyoambiwa, siku gani, wapi, na nani. Kuchunguza ni kazi ya watu wengine. Hata mahakamani, Sheria ya Ushahidi ya Kenya kifungu cha 124 inaruhusu mtu kupatikana na hatia ya makosa ya kingono kwa ushahidi wa mtoto peke yake, bora hakimu aridhike mtoto anasema ukweli na aandike sababu zake. Kwa hivyo ile dhana ya kwamba bila shahidi wa pili hakuna kesi, hiyo ni stori ya stafurumu.

Na hii "si sana". Sitakisia maana yake na wewe pia usikisie, wala usimrudie mtoto na maswali ya kumchimba, maana kila mtu akimhoji upya maneno yake yanachoka na yeye anachoka. Jua tu hata ikiwa ni kushikwa peke yake, tayari ni kosa. Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006, ile Njoki Ndung'u alipigania Bungeni kabla awe jaji wa Mahakama ya Juu, inaweka kitendo cha aibu na mtoto kuwa kifungo kisichopungua miaka 10. Ikiwa ni unajisi wa mtoto wa miaka 12 hadi 15, ni isiyopungua 20. Mtoto wa 14 hawezi kukubali, hata akisema anampenda, hata akiandika barua ya mapenzi na maua. Na kwa walimu sheria ilienda mbali zaidi, mwalimu anayetumia cheo chake kumvuta mwanafunzi walale pamoja anafungwa isiyopungua miaka 10 hata kama mwanafunzi ni mtu mzima wa 19. Bunge liliona kitu ambacho mjini watu hujifanya hawaoni, kwamba mwenye chaki na kalamu nyekundu ana nguvu ambayo haihitaji kupiga mtu.

Sasa ahadi. Hii ndio nimekaa nayo zaidi.

Uliapa, na mtoto akaamini. Kuna watu watakwambia ahadi kwa mtoto si kitu, vunja tu. Mimi sioni hivo. Kwa huyu mtoto, mtu mzima mwingine tayari anamwambia "hii ni siri yetu", halafu wewe ukatokea na siri yako pia, nzuri, lakini siri. Ukienda kuripoti bila yeye kujua, siku askari au afisa wa watoto akija shuleni Neema atajua ni madam, na inaweza kuwa mara ya mwisho anamwambia mtu mzima jambo. Hiyo ni hatari ya kweli. Lakini angalia alichokuomba kwa undani. Je, aliomba hii kitu iendelee? Nikimsoma vile umemwandika, naona alikuja mlangoni kuuliza vile mtu hukataa. Aliogopa kitu kimoja, kurudishwa ushago aache shule. Huo uoga una majibu, na unaweza kujibiwa na watu wengine mbali na wewe. Kwa hivyo labda si suala la kuvunja ama kutunza. Unaweza kurudi kwake, mahali pa wazi lakini pasipo na masikio, umwambie hivi kwa maneno yako, Neema niliapa kabla nijue, nilikosea kuapa, hii siwezi kuiweka peke yangu kwa sababu nataka uwe salama, lakini sitafanya kitu nyuma yako, nitakwambia kila hatua. Atalia, labda atakukasirikia. Wengine hukana kila kitu siku hiyo, "nilikuwa nadanganya madam", na ukisikia hivo usifikirie ni ushahidi kwamba hakuna kitu.

Waraka uliosikia upo. Ni waraka nambari 3 wa TSC wa mwaka 2010 kuhusu kulinda wanafunzi dhidi ya dhuluma za kingono, na ni kweli unasema ndani ya saa 24, na ni kweli kunyamaza ama kusaidia kuficha ni kosa la kinidhamu kwa mwalimu. Sitakufariji kwa uongo hapo. Unaweza kuulizwa kwa nini siku 19. Lakini angalia hesabu yenyewe, siku ya 19 inaulizwa swali moja, siku ya 60 baada ya safari ya kulala usiku tatu inaulizwa swali lingine kabisa. Na katika hizo siku hukukaa bure, ulienda kwa mwalimu anayeshughulika na mambo hayo hayo. Andika tarehe hiyo, ulichomwambia, na alichokujibu. (Na yeye sasa ako kwa mtumbwi mmoja na wewe, hata kama hajajua. Sioni kama ni mtu mbaya, naona ni mtu amechoka, ameona hizi kesi zikifa.)

Hebu tukae kidogo kwa hiyo transfa, kwa sababu ndiyo njia kila mtu anaiona ya upole. Mtoto hataaibika, mwalimu hatapoteza mshahara, shule haitaenda kwa magazeti. Lakini umeniandikia mwenyewe kwamba alikuja hapo na hayo maneno kutoka shule nyingine. Maanake mahali fulani kulikuwa na stafurumu kama yenu, na madam kama yule, na mtu akasema tungoje muhula uishe, na Neema ndiye alipokea huo upole wao. Mei 2015 Mahakama Kuu hapa Nairobi, Jaji Mumbi Ngugi, aliamua kesi ya wasichana wawili wanaojulikana kwa herufi tu, W.J. na L.N., waliodhulumiwa na naibu wa mwalimu mkuu wa shule ya msingi upande wa Nakuru mwaka 2010. Kwa kesi ya jinai huyo mwalimu alikuwa ameachiliwa. Jaji akasema hilo halimalizi jambo, akapata mwalimu, TSC na serikali wote wana lawama, fidia ya jumla milioni 5, na akakemea wazi huu mtindo wa kuhamisha mtu kama huyo kutoka shule moja hadi nyingine. Kwa hivyo "tumhamishe polepole" si huruma ya wazee tu, ni kitu ambacho mahakama ilishakiangalia usoni na kukataa. TSC kwa upande wake ina uwezo wa kumfuta mwalimu kabisa kwa rejista, na akifutwa hafundishi shule ya serikali wala ya kibinafsi. Lakini mwalimu hafutwi kwa jambo ambalo hakuna mtu aliliandika.

Barua bila jina naelewa kwa nini unaifikiria. Ikienda kwa mwalimu mkuu, inaweza kukaa kwa droo, au mbaya zaidi inafika kwa huyo jamaa kabla ifike kwa mtu mwingine, halafu kabambe inapotea, meseji zinafutwa, mtoto anaitwa pembeni anatishwa au anabembelezwa. Lakini si kila njia ya kutojitaja ni ya droo. Namba 116 ni ya watoto, bure, usiku na mchana, na unaweza kupiga ukaeleza na uombe jina lako lisitajwe. Wao wanajua kufikisha kwa afisa wa watoto. Kwa mtu kama wewe mwenye kandarasi ya kuongezwa mwaka kwa mwaka, kuanzia hapo kunaweza kukupa wenzako kabla hujaenda ofisi ya mtu yeyote. Ubaya wake ni kwamba kesi isiyo na mtu wa kuisimamia mara nyingi inatembea polepole, na shahidi wa kwanza aliyeambiwa na mtoto ni wewe, mapema au baadaye watakutafuta.

Njia ya pili ni kuandika kwa jina lako, nakala ya pili ikae nyumbani, moja kwa moja kwa ofisi ya TSC ya kaunti ndogo au ya kaunti. Si lazima upitie kwa mwalimu mkuu peke yake, ule waraka wenyewe unakupa milango mingi. Hapa hatari ni yako zaidi, na sitaificha. Mswada wa kulinda wanaofichua maovu umezunguka kwa miaka mingi na hizi ofisi ni za watu wanaojuana. Unaweza kubandikwa jina, unaweza kulishwa maneno kwa stafurumu, unaweza kukosa ile barua ya pamenenti na usijue kama ni kwa sababu hii ama ni bahati tu. Ndiyo maana nakwambia usitembee peke yako. FIDA Kenya na CREAW, mashirika ya kutetea haki za wanawake, wana mawakili wanaosikiliza bila malipo, nenda na uliyoandika uwaonyeshe kabla upeleke. Kama unaogopa kushtakiwa kwa kumchafulia mtu jina, kuripoti kwa nia njema kwa ofisi inayohusika ni jambo moja, na kuweka kwa grupu ya WhatsApp ya wazazi ni jambo lingine kabisa. Hiyo ya pili nakuomba kama mama yako, usiiguse, hata ukikasirika vipi, mtoto ndiye atakuwa skrinshoti.

Polisi pia wako, kuna dawati la jinsia kwa vituo vingi. Wengine hapo wana roho nzuri ajabu na wengine watakuuliza mtoto alivaa nini. Ukienda, nenda na mtu. Hospitali haihitaji kungoja polisi. Mama Lucy iko karibu na nyinyi, Kenyatta wako na kitengo, na Nairobi Women's wamekuwa na kituo cha waathiriwa tangu 2001. Dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi ni ndani ya saa 72 tangu tukio, na kwa kuwa hatujui tukio la mwisho ni lini, na hiyo simu bado inaita usiku, hilo dirisha linaweza kuwa wazi leo hii. Hata likiwa limefungwa, kupimwa na mtu wa kuongea naye bado kuna maana. Fomu ya P3, ile ya polisi ambayo daktari hujaza alichoona, ni ya bure, mtu akikuitisha pesa ujue ni yake ya mfukoni.

Mama Neema sijamsahau. Umemwandika kama mlango uliofungwa, lakini hilo ni neno la mtoto wa 14, na watoto huogopa mama zao kwa vipimo vyao wenyewe. Inawezekana akasirike na mtoto kwanza. Inawezekana pia kuna watu watamfikia Gikomba na bahasha kabla yako, wamwambie mama hii tumalize kinyumbani, na mwanamke anayelipa kodi kwa nguo za mtumba anaweza kushawishika na sitamcheka. Afisa wa watoto anaweza kukaa naye na kuongea hata hilo la ushago. Na ajue, na wewe ujue, sheria ya 2006 kifungu cha 40 haikuacha uamuzi wa kusimamisha kesi mikononi mwa mzazi wala chifu wala wazee wa mtaa, hilo sasa ni la Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma. Kukaa chini na kugawana mbuzi hakufuti kitu.

Safari. Hapa siwezi kujifanya niko katikati, Mwalimu. Mengine yote una nafasi ya kuyageuza geuza, upande huu ama ule, lakini usiku tatu ni usiku tatu. Tulipoongea kwa simu uliuliza kama unaweza kumtoa kwa orodha kwa kusema ni mgonjwa. Inaweza kumwokoa Neema wiki hiyo, na jina la nani litaandikwa hapo badala yake? Ukipiga 116 au ukienda TSC, taja hiyo tarehe mwanzo kabisa wa maelezo yako, kabla ya historia yote, ili anayeshika kalamu aanze kuhesabu siku pamoja na wewe.

Kwa sasa, leo usiku, kabla hujaamua chochote, chukua daftari ambayo si ya shule. Andika alichosema Neema kwa maneno yake, na "si sana" uiandike vile vile bila kuitafsiri. Tarehe, saa, darasa gani. Usichukue simu yake wala kupekua meseji, mwambie tu asifute kitu. Usimkabili huyo mwalimu, hata kwa utani. Na ile 1,500, ukiipata ilipe kwa M-Pesa ibaki na rekodi, isiwe ndiyo kitu inakufunga mdomo.

Kuhusu wimbo mliouimba Form 2, hilo hukuniuliza na sitalichokonoa hapa. Ukitaka tuliongee siku nyingine namba yangu unayo.

Lakini kuna kitu kimoja nakingoja kutoka kwako. Neema alikuja mlangoni na swali, mtu akikusaidia sana na humtaki unamwambiaje. Umeniandikia kila kitu kilichofuata, kuapa, kabambe, viatu alivyoangalia. Ulimjibu nini?